Jinsi ya Kuandaa Mboga na Matunda ili Utumbo Ufyonze Rangi Zake

Rangi ya karoti na ya nyanya hutokana na karotenoidi, ambazo huyeyuka katika mafuta na hukaa ndani ya seli zenye kuta ngumu. Mwili wa binadamu hautengenezi kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) cha kuvunja kuta hizo, kwa hiyo kazi hiyo ianze jikoni: kwaruza karoti, ipike mpaka ilainike, kisha uitafune vizuri. Mapande ya karoti mbichi yaliyomezwa haraka hutoka na sehemu kubwa ya rangi yake.

Hatua inayopuuzwa mno, kwa maoni yangu, ni ya mafuta. Tia kijiko cha chai cha mafuta katika mlo huohuo, maana mafuta yakifika kwenye utumbo mwembamba kibofu cha nyongo hujikamua, na chumvi za nyongo huyachanganya mafuta na karotenoidi kuwa chembe ndogo sana zinazoweza kuzifikia seli za ukuta wa utumbo. Ndani ya seli hizo, kimeng'enya huikata molekuli ya betakarotini, karotenoidi kuu ya karoti, katikati, zikapatikana molekuli mbili za retinali, ambayo ni aina mojawapo ya vitamini A. Betakarotini isiyokatwa hufungwa pamoja na mafuta, hupitia kwenye limfu (majimaji ya mwili yanayopita katika mishipa yake yenyewe), ndipo ikaingia katika damu. Upotevu ni mkubwa: katika hesabu za lishe, mikrogramu 12 za betakarotini ya chakula huhesabiwa sawa na mikrogramu 1 ya retinoli, aina nyingine ya vitamini A. Likopeni, karotenoidi nyekundu ya nyanya, haizai vitamini A, lakini nayo hufyonzwa vizuri zaidi nyanya zikipikwa kwa mafuta, kwa sababu joto hubadilisha umbo la molekuli zake.

Rangi za zambarau, yaani antosianini, zinataka uangalifu wa namna nyingine, kwa kuwa huyeyuka katika maji. Ukichemsha kabichi ya zambarau kisha ukamwaga maji yake, umemwaga rangi. Afadhali uipike kwa mvuke au uile pamoja na mchuzi wake. Kamulia limau na utaiona ikigeuka nyekundu, kwani antosianini hutulia zaidi penye asidi. Kiasi kidogo tu hufyonzwa tumboni na katika utumbo mwembamba, na sehemu kubwa huteremka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huivunja kuwa asidi za fenoli zinazoweza kuingia katika damu.

Klorofili, yaani rangi ya kijani ya majani, hufyonzwa kidogo sana, ila mboga za majani zina karotenoidi zilizofunikwa na ukijani, hivyo zipikwe kwa mafuta kama karoti.

Usishtuke mkojo ukiwa wa waridi baada ya kula viazisukari vyekundu (bitiruti), jambo linalowapata baadhi ya watu, wala viganja vikiwa na rangi ya manjano kwa kula karoti nyingi kwa wiki kadhaa. Lakini weupe wa macho ukigeuka manjano, chanzo chake si karoti. Muone daktari bila kukawia.