Siku za kati: ugoko upumzike, moyo uendelee na kazi

Ugoko wangu wa kushoto ulianza kuuma nikijiandaa na nusu marathoni ya Moshi kwa mara ya pili. Ndani ya wiki tatu nilikuwa nimetoka kilomita 25 kwa wiki hadi 45, siku sita za kukimbia, kwa sababu pumzi ilikuwa inaruhusu. Hapo ndipo wengi tunapoponzeka. Moyo na mapafu huanza kupata nguvu baada ya wiki chache tu, ila mfupa na kano hudai miezi. Pumzi inasema twende, mfupa bado uko nyuma, na sisi tunaisikiliza pumzi.

Wanafunzi wangu huniuliza: mbona wanariadha wakubwa kama Simbu, bingwa wetu wa dunia wa marathoni aliyeshinda Tokyo mwaka 2025, wanakimbia mno na hawavunjiki? Nawajibu kwamba mwanariadha wa kazi hiyo amejenga mifupa yake kwa miaka mingi, na akitoka mazoezini asubuhi anakwenda kulala. Mimi nikitoka mazoezini nakwenda kusimama ubaoni hadi saa nane mchana, nikirudi nachota maji. Kusimama huko nako ni mzigo wa miguu, uhesabu.

Siku hizi nakimbia Jumanne, Alhamisi na Jumamosi basi. Jumapili sifanyi kitu. Siku zilizobaki ndizo ninazoziita siku za kati, na kanuni yake ni moja: moyo ufanye kazi, mguu usigonge chini. Kila unapotua ukikimbia, mguu hupokea mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Kwa hiyo kamba ya kuruka, netiboli na bonanza la mpira havifai kwa siku hizo, hata kama vinatoa jasho. Nasema hivi nikiwa naipenda netiboli kwa dhati, na niliiacha kwa uchungu.

Baiskeli ndiyo ya kwanza. Hapa Tanga haina haja ya kutafutwa, mji wetu tambarare umejaa baiskeli tangu sijazaliwa. Yangu ni Phoenix ya kike, nzito, haina gia. Inatosha kabisa. Jambo la kurekebisha kabla ya yote ni siti. Wengi wetu tunaiweka chini ili miguu yote miwili ifike ardhini tukisimama, halafu tunakanyaga magoti yakiwa yamekunjwa hadi karibu na tumbo, mwisho wa wiki goti linauma na lawama inakwenda kwenye mbio. Fanya hivi: egemea ukuta, kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedali, izungushe hadi ifike chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka. Ukishausogeza mguu, ukanyage kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjwa kidogo tu. Siti ikiwa chini, legeza nati kwa spana, ivute juu kidogo kidogo ukipima upya kila mara. Yangu ilipanda vidole vitatu, na maumivu ya mbele ya goti yaliisha ndani ya wiki mbili.

Jumatatu nakwenda taratibu, mwendo wa kuzungumza, dakika 50 hivi. Usihesabu kilomita, hesabu muda: pale ambapo ningekimbia dakika 40 nyepesi, naendesha saa nzima. Na usikanyage kwa kusukuma gogo. Hesabu mguu wa kulia ukishuka kwa nusu dakika. Ukipata chini ya 30, unatumia nguvu za mapaja kuliko pumzi. Nalenga 35.

Jumatano ndiyo siku ya upepo. Njia ya Moshi inapanda kuelekea Mweka, chini ya mlima wenyewe, na sisi wa pwani hatuna mwinuko wa maana wa kujifunzia. Lakini tuna kaskazi. Kuanzia Desemba hadi Machi inavuma kutoka upande wa Horohoro, mpakani na Kenya, na mbio za Moshi huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo msimu unatukuta palepale. Natoka mjini kuelekea Amboni, upepo usoni. Nikishapasha dakika 15, nakanyaga kwa nguvu dakika 4, nalegeza dakika 3, mara tano. Ile ya nne na ya tano, mapaja yanawaka kama yanavyowaka kwenye mwinuko wa Mweka, ila ugoko hausikii chochote. Kurudi, upepo unanisukuma. Vaa kitu cha kung'aa na ukae pembeni, malori ya mpakani hayana subira.

Sasa bahari, ambayo naipenda kuliko zote. Ijumaa jioni tunakwenda Raskazone, mimi na wifi yangu. Angalia maji kabla ya kutoka nyumbani. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ukifika yamekupwa, utatembea kwenye tope hadi magharibi. Maji mafu yana utulivu zaidi, hayaendi mbali wala hayavuti sana. Uliza mvuvi yeyote, atakwambia saa.

Asiyejua kuogelea asione aibu, mazoezi haya hayahitaji kuogelea. Ingia hadi maji yafike kifuani. Hapo miguu inabeba kama theluthi moja tu ya uzito wako. Kimbia papo hapo au kwa kusogea mbele, kifua wazi, mikono ikikata maji kama unavyoikata hewa barabarani. Kosa la kila mgeni ni kuinama mbele na kupiga makasia kwa viganja. Funga ngumi, goti lipande, kisha mguu urudi nyuma kwa kuvuta maji. Ukiona huendi popote, usijali, maji yanakupinga na upinzani huo ndio mazoezi. Mimi ninayeogelea huvaa jaketi okozi na kwenda mahali miguu haigusi chini, pale mguu haubebi kitu kabisa. Dakika 1 kwa kasi, dakika 1 taratibu, mara 15. Saa ya mkononi itakuonyesha mapigo ya moyo yako chini kuliko ya barabarani, hiyo ni kawaida ya majini. Pima kwa pumzi.

Vaa raba kuukuu, na ukiingia buruta miguu mchangani badala ya kuinyanyua, samaki taa mwenye mwiba aliyejifukia chini akukimbie mapema. Usiende peke yako hata siku moja. Wifi yangu hukaa ufukweni na simu kama hajisikii kuingia, nami sivuki pale anaponiona vizuri.

Mazoezi ya nguvu nayaweka jioni ya Jumanne na Alhamisi, baada ya kukimbia, kusudi siku za kati zibaki nyepesi. Ni dakika 20 kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba. Nasimama kwa mguu mmoja ukingoni mwa ngazi, kisigino hewani, napanda na kushuka polepole mara 15, goti likiwa limenyooka. Halafu 15 nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo, hiyo inafikia msuli wa ndani wa shavu la mguu, na kwangu ndiyo iliyouokoa ugoko. Kila mguu mara tatu. Baada ya hapo kuchuchumaa nikiwa nimekumbatia dumu la maji la lita 10, mara 10, na kulala chali kuinua kiuno kwa mguu mmoja. Inatosha.

Kama unadhani siku hizi ni za watu wanaojifurahisha tu, mkumbuke Joan Benoit wa Marekani. Mwaka 1984 alipasuliwa goti siku 17 kabla ya mchujo wa Olimpiki. Mguu ukiwa haufai, alizungusha pedali za baiskeli kwa mikono ili moyo usilale. Alishinda mchujo, na Agosti mwaka huohuo akashinda marathoni ya kwanza ya wanawake katika Olimpiki, kule Los Angeles.

Kuna maumivu ambayo hata baiskeli haiyapozi. Bonyeza ugoko kwa ncha ya kidole. Ukiuma eneo refu, umechoka, punguza. Ukipata nukta moja juu ya mfupa inayokufanya uruke, au ikiuma usiku umelala, acha kukimbia leo hii na uende hospitali, huo unaweza kuwa ufa. Mimi nilichelewa siku kumi nikijidanganya kwa kuchua, na nilikaa wiki saba bila kukimbia. Wiki hizo baada ya daktari kuniruhusu nilikuwa baharini mara tatu kwa wiki. Niliporudi barabarani nilianza na dakika 2 za kukimbia na 2 za kutembea, na kilichonishangaza ni kwamba pumzi ilikuwa bado ipo.

Wiki ya mwisho kabla ya Moshi upepo na dumu naviacha. Baiskeli naendea sokoni Ngamiani tu, na siti naiacha palepale ilipo.