Jinsi ya kutafuta faili la kesi yako katika mahakama za majimbo ya Marekani

Fomu ya kuomba uraia wa Marekani, N-400, inakuuliza kama umewahi kukamatwa, hata kama kesi ilifutwa. Ukijibu ndiyo, USCIS, yaani idara inayoshughulikia maombi ya uraia, watataka karatasi ya mahakama inayoonyesha kesi iliishaje. Wengi wetu tuliitupa zamani, au hatukuwahi kupewa. Siku hizi unaweza kuanza kuitafuta ukiwa nyumbani, kwa simu tu, lakini fuata mpangilio, la sivyo utazunguka bure.

Anza na kaunti. Hakuna tovuti moja yenye kesi za majimbo yote 50. Maryland, Wisconsin, Pennsylvania na Minnesota kila moja ina tovuti ya jimbo zima, na kutafuta ni bure. California yenye kaunti 58, mara nyingi utaingia kwenye tovuti ya mahakama ya kaunti yenyewe. Texas yenye kaunti 254 hali ni hiyohiyo. Kinachohesabika ni mahali ulipokamatiwa, si unakoishi. Mkazi wa Minneapolis aliyesimamishwa na polisi St. Paul asihangaike na kaunti ya Hennepin. Faili lake liko Ramsey.

Kisha hakikisha uko kwenye tovuti ya mahakama kweli. Ukiandika jina lako Google, zinazotangulia ni tovuti za biashara zinazokutisha kwamba rekodi yako imepatikana, halafu zinadai kadi ya benki. Funga, endelea mbele. Anwani nyingi za serikali huishia na .gov, ingawa si zote: mahakama za Pennsylvania ziko pacourts.us. Ukishindwa kabisa, piga simu kwa karani wa mahakama ya kaunti akutajie anwani.

Sasa jina, na hapa ndipo watu wetu wanapokwama. Mifumo hii inataka jina la ukoo na jina la kwanza, wakati sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Juma Hassan Bakari anaweza kuwa ameandikwa Bakari Juma, Hassan Juma, hata Juma ikawekwa kama jina la ukoo. Tena polisi wa barabarani huandika alichosikia. Ramadhani anakuwa Ramadan, Ng'ang'a anapoteza alama zake zote. Jaribu kila mpangilio, na kama mfumo unaruhusu, andika herufi chache za mwanzo tu.

Ukiona jina lako usishangilie mapema. Wengi waliopitia kambi kama Nyarugusu au Kakuma waliandikiwa kuzaliwa Januari 1, kwa hiyo watu wawili wenye jina moja na tarehe moja si ajabu. Linganisha tarehe ya kukamatwa, mahali na kosa lenyewe.

Ukiridhika, nakili namba ya kesi kama ilivyo, pamoja na vistari vyake. Minnesota, kwa mfano, namba ikianza na 27-CR-19, 27 ni kaunti ya Hennepin (kaunti zote 87 zina namba zao, zimepangwa kwa alfabeti, Ramsey ni 62), CR ni jinai, na 19 ni mwaka 2019. Karani akipewa namba hiyo hana haja ya kukuuliza jina linaandikwaje.

Kwenye ukurasa wa kesi tafuta sehemu iliyoandikwa Disposition. Hapo ndipo penye mwisho wa kila shtaka. Dismissed ni kwamba limefutwa, lakini tahadhari: kama ulikiri kosa kwanza ndipo jaji akalifuta baadaye kwa masharti, sheria ya uhamiaji inaweza bado kukuhesabu kama uliyetiwa hatiani. Hilo mpelekee wakili wa uhamiaji kabla ya kutuma fomu. Karani hukusaidia kupata karatasi, haruhusiwi kukushauri kisheria.

Usipoliona faili, usihitimishe kwamba halipo. Kesi za watoto hazionyeshwi, zilizofichwa kwa amri ya mahakama (sealed) pia. Huko New York, WebCrims, tovuti ya mahakama ya kutafuta kesi za jinai, huonyesha zile tu ambazo bado zina tarehe ya kusikilizwa mbele, kwa hiyo iliyokwisha hutaiona. Pennsylvania ina sheria ya mwaka 2018 inayoficha baadhi ya kesi zenyewe bila mtu kuomba. USCIS bado wanataka uzitaje.

Ukurasa uliouchapisha nyumbani hauna nguvu mbele ya afisa. Nenda kwa karani, au mwandikie, ukitaja namba ya kesi, na useme unataka "certified disposition", yaani yenye muhuri wa mahakama. Ada hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, uliza kabla. Kama faili liliharibiwa kwa sababu ya ukongwe wake, omba barua rasmi ya karani inayosema rekodi haipo.

Kesi za shirikisho ziko kwenye mfumo mwingine, PACER. Ukurasa ni senti 10, hati moja haizidi dola 3, na matumizi ya robo mwaka yasipozidi dola 30 hulipi kitu. Kesi ya mahakama ya uhamiaji unaiangalia bure kwenye tovuti ya EOIR, ofisi inayosimamia mahakama hizo, kwa namba yako ya A (namba ya uhamiaji, A-Number) yenye tarakimu 9.

Faili hizi husomwa na wengine pia. Kampuni inayochunguza historia yako kwa niaba ya mwajiri ikikubandika kesi ya mtu mwingine, ipinge kwa maandishi. Sheria inawapa kwa kawaida siku 30 kuchunguza. Ambatisha nakala ya karatasi yenye muhuri, na mwajiri naye mjulishe kwamba umepinga.