Punguzo la mzee halibandikwi ukutani: pa kuomba na pa kubana ukishafika miaka 60

Kariakoo hakuna bei ya mzee. Kwenye daladala pia hakuna: nauli za LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, zina bei ya mtu mzima na bei ya mwanafunzi, basi. Mstaafu anayezunguka madukani akiulizia punguzo la umri atamaliza soli za viatu. Kwa Tanzania Bara, nafuu yenye uzito kwa mtu wa miaka 60 na kuendelea iko kwenye mita ya umeme, kwenye kodi ya jengo na kwenye hospitali ya serikali, na yote hiyo inaombwa kwa karatasi. Baada ya hapo kinachobaki ni kupima vizuri unachonunua, maana mzee anapunjwa kwenye kipimo kuliko anavyopunjwa kwenye bei.

Basi anza na karatasi. Weka kwenye bahasha moja kitambulisho cha Taifa (cha NIDA), nakala zake tano, picha ndogo nne za pasipoti, risiti ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) yenye namba ya mita, na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji inayosema unaishi hapo na una umri gani. Kinachokwamisha wazee wengi ni mwaka wa kuzaliwa: NIDA wameandika 1962, kadi ya mpiga kura 1958, barua ya ajira 1960. Ofisi zitasoma cha NIDA. Kama kimekosewa, kirekebishe kwanza, la sivyo kila dirisha litakurudisha nyuma.

Sasa umeme, ambako ndiko kuna hela nyingi kuliko watu wanavyodhani. TANESCO ina daraja la mteja mdogo wa nyumbani, D1, na daraja la kawaida, T1. D1 ni shilingi 100 kwa uniti na T1 ni 292. Ukijumlisha VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA (umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), D1 inakuwa shilingi 122 na T1 kama 356. Kujua uko wapi, chukua risiti yako na usome idadi ya uniti. Shilingi 5,000 ikikupa uniti 14, uko T1. Ikikupa karibu 41, uko D1. Kama ni manunuzi ya kwanza ya mwezi, toa kwanza kodi ya jengo kabla ya kupiga hesabu, la sivyo namba haitakuja sawa.

D1 ni ya nyumba inayotumia wastani wa uniti 75 au pungufu kwa mwezi. Je, wazee wawili wanaweza kuishi humo? Tupige hesabu. Friji ndogo nzima inakula kama uniti 27 kwa mwezi. Feni ya wati 55 ikizunguka saa nane kila usiku, uniti 13. Televisheni ya wati 50 kwa saa sita, uniti 9. Taa nne za LED za wati 9 kwa saa tano, uniti 5 na kidogo. Pasi saa moja kwa wiki, uniti 4. Hapo ni kama 59. Kuchemsha lita moja ya maji kwenye birika la umeme kunakula takriban sehemu moja ya kumi ya uniti, kwa hiyo lita tatu kila siku ni uniti 9. Jumla 68, na chai imo. Balbu ya zamani ya wati 60, ile inayochoma ukiigusa, peke yake inakula uniti 9 kwa mwezi kwa saa tano za kila usiku. Itoe kabla hujafanya jambo lingine lolote. Friji ambayo mpira wa mlango umelegea nayo haizimi kabisa. Banisha noti kwenye mlango na uivute: ikitoka bila kukwama, mpira hauzibi, badilisha.

Uniti 75 kwa D1 ni shilingi 9,150. Kwa T1 ni kama 26,700. Tofauti ni zaidi ya 17,000 kila mwezi. Kuomba kuhamishwa, nenda ofisi ya TANESCO ya eneo lako na namba ya mita au piga 180, useme unaomba kupitiwa matumizi na kurudishwa D1. Wataangalia ulichonunua miezi iliyopita, kwa hiyo punguza matumizi kwanza kwa miezi kadhaa ndipo uombe. Ukiomba huku rekodi inaonyesha uniti 120, utaambiwa hapana, na ni haki yao.

Ukishapata D1, kuna mtego. Mfumo unahesabu uniti ulizonunua ndani ya mwezi, haujui umezitumia lini. Kijana aliyeko mjini akikutumia LUKU ya 20,000 kwa mapenzi, uniti zote zilizovuka 75 zinatozwa shilingi 350 kabla ya kodi, yaani 427, ghali kuliko T1 yenyewe. Mtu akirudia hivyo mara kwa mara anajikuta amehamishwa daraja. Mwambie akutumie 9,000 mara moja kwa mwezi. Hiyo inatoa uniti 73 na ushee. Na mpangaji akichomeka mita moja na wewe, D1 sahau.

Kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU: tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka, na 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwenye nyumba aliyetimiza miaka 60 anasamehewa kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe na isiyofanyiwa biashara. Peleka nakala ya kitambulisho, barua ya mtaa, uthibitisho wa umiliki na namba ya mita kwenye ofisi inayosimamia kodi ya majengo wilayani kwako, uombe msamaha. Maombi mengi hukwama kwa sababu mita imesajiliwa kwa jina la marehemu au la mtoto. Mita ikiwa na jina la mtu wa miaka 35, mfumo unamwona yeye. Badilisha jina TANESCO kwanza. Nyumba yenye mita mbili au tatu ikikatwa kila mita, hilo nalo linarekebishwa hapo hapo. Mita ya kulipia kodi ya jengo ni moja. Na kama wewe ni mpangaji, hiyo 1,500 ni ya mwenye nyumba, tunza risiti umkate kwenye pango.

Hospitali. Msamaha wa matibabu ni wa mzee asiyejiweza, na unapita kwa mtendaji, kisha afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ndipo unapata kitambulisho cha matibabu cha mzee. Mwenye bima ya NHIF atumie bima yake. Ukifika kituoni ulizia dirisha la wazee, pengine limeandikwa "Mzee Kwanza". Usipange foleni ya kawaida kwa aibu.

Msamaha huo unafanya kazi vituo vya serikali. Hospitali ya mtu binafsi haiutambui, na za mashirika ya dini inategemea mkataba wao na halmashauri, uliza kabla ya kufungua faili. Kosa jingine ni kurukia hospitali ya mkoa moja kwa moja. Anza zahanati au kituo cha afya, ukatoke na barua ya rufaa. Bila barua unaweza kutozwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Ukiambiwa dawa haipo, usiondoke kimya. Rudi kwa daktari umuulize kama ipo nyingine ya kundi hilo hilo iliyopo dirishani, na ukikwama muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ndiyo kazi yake.

Dawa ikibidi kununuliwa, mwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe, siyo la kampuni. Amlodipine ni amlodipine, metformin ni metformin. Boksi lenye jina la kifahari linaweza kuwa ghali mara kadhaa kwa dawa ile ile na miligramu zile zile. Linganisha famasi mbili au tatu kwa bei ya kidonge kimoja, maana strip moja ina vidonge 10 na nyingine 14. Omba dozi ya mwezi mzima au miwili ili usilipe nauli kila wiki. Usinunue ya miezi sita: daktari akibadilisha dawa, hela imelala kabatini.

Kubana kusifike kwenye kuruka siku. Dawa ya presha inayomezwa siku moja na kuachwa siku mbili inaishia wodini, na wodi ni ghali kuliko kidonge. Wala usikate wala kusaga vidonge vinavyoyeyuka polepole, vile ambavyo mara nyingi vimeandikwa SR au XR. Ukivivunja, dawa yote inaachiwa kwa mkupuo.

Kwa mstaafu wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, uhakiki siku hizi unafanyika kwa simu janja kupitia PSSSF Kiganjani. Mjukuu ashike simu, wewe uonyeshe sura kwenye mwanga wa mlangoni. Nauli ya kwenda makao makuu ya mkoa imebaki mfukoni. Benki, ulizia kama wana akaunti ya wastaafu na makato yake ya mwezi ni kiasi gani. Wengi bado wamekaa kwenye akaunti ya mshahara ya enzi za kazi. Kwenye simu, makato ya kutoa yamepangwa kwa ngazi: kutoa 10,000 mara tano kunakula zaidi ya kutoa 50,000 mara moja.

Visiwani mambo ni mengine: Zanzibar inalipa Pensheni Jamii kwa kila mkaazi wa miaka 70 na kuendelea, hata asiyewahi kuajiriwa. Ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda hadi 50,000. Anayestahili na hajaandikishwa aende kwa sheha wake.

Turudi jikoni. Mafuta ya kupima ndiyo yanayowaumiza wazee wanaonunua kidogo kidogo. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, nenda nayo dukani, mwambie muuzaji akupimie vibaba hadi ijae, uhesabu. Zidisha idadi kwa bei ya kibaba, kisha mara mbili: hiyo ndiyo bei ya lita unayolipa kila siku. Iweke pembeni ya bei ya dumu la lita tano. Kama dumu zima ni mzigo, gawaneni na jirani, kila mtu na chupa zake.

Unga una hesabu yake. Wazee wawili wanaosonga ugali mara moja kwa siku hutumia kama gramu 400, kwa hiyo mfuko wa kilo 25 unakaa miezi miwili. Sembe inavumilia muda huo ikiwa imefunikwa na iko juu ya ubao, mbali na sakafu ya saruji inayotoa unyevu. Dona haivumilii vizuri, kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta nayo huchacha. Saga ya wiki mbili au tatu. Lakini dona ndiyo yenye faida: ukikoboa, sehemu kubwa ya mahindi yako inaondoka na pumba, na mara nyingi pumba anabaki nazo mwenye mashine. Ukikoboa, beba ndoo ya pumba zako, hata kama kuku ni wa jirani.

Maharage yaloweke usiku kucha, kwa muda wa saa nane mpaka kumi na mbili, umwage maji hayo kabla ya kubandika. Yaliyokaa ghalani zaidi ya mwaka hayalainiki hata uloweke vipi. Yatafune kabla ya kununua: punje nzuri jino linaingia, kongwe inagonga kama kokoto. Nyanya na mboga za mafungu zifuate saa kumi na moja jioni, muuzaji akiwa hataki kuzibeba nyumbani, ila geuza fungu uone za chini.

Gesi, usikubali mtungi bila mizani. Shingoni mwa mtungi kuna uzito wa mtungi mtupu, umeandikwa TW na namba. Mtungi wa kilo 6 wenye TW 7.2 lazima usome 13.2 ukipimwa. Muuzaji anatakiwa kuwa na mizani, na akisema imeharibika, duka la pili halipo mbali. Mtungi wa kilo 15 kwa kawaida una bei nafuu kwa kilo, ila uwe na mtu wa kuubeba.

Mwisho ni meseji. "Wazee mmeongezewa pensheni, tuma namba ya siri tukuhakiki" ni wizi, hata kama anayepiga anataja jina lako kamili na mwaka uliostaafu. Hakuna ofisi inayotoa msamaha kwa kutumiwa ada kwenye namba ya mtu binafsi. Namba ya namna hiyo itume kwa meseji kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Kisha bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona laini usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika siku hiyo hiyo uifute.