Kubadilisha Mkono wa Nyuma wa Pikipiki ya Spoti na Kuchagua Saizi ya Tairi

Maduka ya vipuri hapa Tabora mjini yana tairi tele za bodaboda, hasa 2.75-17 na 3.00-17, lakini mwenye pikipiki ya spoti kwa kawaida huagiza kutoka Dar es Salaam na kusubiri mzigo uje na basi. Kipuri kilichoagizwa kwa kukisia kikikataa kuingia, nauli ya kukirudisha na muda wa kusubiri kingine ni hasara ambayo vipimo vya nusu saa vingeizuia. Ninashauri uamuzi ufuate mpangilio huu: mkono wa nyuma (unaoshika gurudumu la nyuma) kwanza, rimu baada yake, na tairi mwishoni kabisa, kwa kuwa upana wa tairi hauchaguliwi kwa macho, unaamuliwa na rimu inayolibeba na nafasi iliyopo katikati ya mkono.

Mkono huo, ambao mafundi wengi huuita swingamu, umeshikwa kwenye fremu kwa bolti moja ndefu ya egemeo, na ncha yake ya nyuma hushika ekseli. Wengi huubadilisha kwa sababu wa zamani umepinda au umepasuka. Wengine hutaka mrefu zaidi, au mpana zaidi ili upokee rimu kubwa. Yamaha wenyewe walifanya jambo hilo kiwandani: YZF-R15 ya toleo la pili, iliyotoka mwaka 2011, ilipewa mkono mrefu wa alumini na tairi la nyuma la 130/70-17 badala ya 100/80-17, na umbali kati ya ekseli mbili ukaongezeka kutoka milimita 1,290 hadi 1,345. Pikipiki ndefu hutulia zaidi kwenye mwendo wa kasi na gurudumu la mbele haliinuki kirahisi, lakini hugeuka kwa uzito kwenye kona. Ndiyo maana katika YZF-R1 ya mwaka 1998 wahandisi walipanga shafti za giaboksi kwa kupandana ili injini iwe fupi, mkono uwe mrefu, na pikipiki nzima isirefuke.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba mkono mrefu hulegeza shokapu. Tuseme mkono wa awali ni milimita 500 kutoka egemeo hadi ekseli, nawe unafunga wa milimita 550 huku shokapu ikibaki pale pale ilipokuwa. Ugumu wa springi unaohisiwa kwenye gurudumu hupungua kwa mraba wa uwiano huo, yaani kwa takriban asilimia 17. Pikipiki itazama nyuma, usukani utakuwa mwepesi, na ukipakia abiria kwenye barabara yenye mashimo tairi linaweza kugusa madigadi. Anayerefusha mkono ajiandae kubadilisha springi pia.

Kabla ya kuagiza, chukua venia, kifaa cha kupimia vipenyo na upana kwa usahihi, na upime upana wa mkono pale unapoingia kwenye fremu, kipenyo cha bolti ya egemeo, kipenyo cha ekseli, nafasi ya ndani kati ya pande mbili za mkono pale gurudumu linapokaa, na umbali kutoka egemeo hadi sehemu inayoshika shokapu au linki zake. Angalia pia kalipa ya breki ya nyuma, yaani sehemu inayobana disiki, inazuiwaje isizunguke. Pikipiki nyingi zina ulimi kwenye mkono unaoingia katika mfereji wa kishikio cha kalipa, na nyingine hutumia fimbo iliyofungwa kwa bolti. Mkono usio na mojawapo ya hivyo viwili usifungwe kabisa, kwa sababu siku utakapokanyaga breki kalipa itafuata disiki, itakata bomba la mafuta ya breki au kulifunga gurudumu ghafla.

Mkono uliotumika ukaguliwe mchana, ukiwa umesafishwa grisi yote. Tazama mishono ya kuchomelea, hasa karibu na egemeo na karibu na matundu ya ekseli, kwa kuwa nyufa huanzia huko. Pitisha fimbo iliyonyooka kwenye egemeo na ekseli kwenye nafasi zake, kisha uangalie kama zinakwenda sambamba. Zikipishana, mkono huo umepinda kwa ajali. Hapa ninasema kwa msisitizo: usimpelekee fundi wa kuchomelea mkono wa alumini ili aukate na kuurefusha. Alumini ya aina hii hupata nguvu yake kwa matibabu ya joto kiwandani, na moto wa kuchomelea huiondoa nguvu hiyo kuzunguka mshono. Kwa macho mshono utaonekana imara, na alumini iliyo kando yake itakuwa imelegea.

Katika kufungua, stendi ya kawaida ya nyuma haifai kwa sababu hushika mkono ule ule unaotaka kuutoa. Pikipiki ibebwe kwenye fremu, ama kwa kuining'iniza kwenye boriti imara ya paa, ama kwa kuiegemeza chini ya sehemu za kukanyagia pande zote mbili. Toa gurudumu, cheni, kalipa na shokapu, kisha ndipo ufungue bolti ya egemeo. Katika pikipiki nyingi za spoti, ndani ya fremu kuna skrubu ya kurekebisha yenye nati yake ya kufungia, na mpangilio wa kuzikaza umeandikwa kwenye kitabu cha fundi. Ukizikaza ovyo mkono utakuwa mzito kupanda na kushuka, au utacheza. Beringi za egemeo ni za sindano, na vumbi la Tabora la miezi ya Agosti hadi Oktoba huzimaliza mapema iwapo sili zimechoka. Kwa kuwa tayari umefungua, weka sili mpya na grisi mpya hata kama za zamani zinaonekana nzima. Nati zote zikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha mtengenezaji.

Cheni nayo itahitaji kurefushwa. Cheni za 520, 525 na 530 zote zina hatua ya milimita 15.875 na hutofautiana kwa upana, kwa hiyo kuongeza pingili mbili husogeza ekseli nyuma kwa takriban milimita 16. Mkono uliozidi kwa milimita 50 utahitaji pingili sita, na kilichobaki kitamalizwa na virekebishi vya ekseli. Pima ulegevu wa cheni pale ambapo sproketi ya mbele, egemeo na ekseli viko kwenye mstari mmoja, kwa sababu hapo ndipo cheni hukaza kuliko mahali pengine popote.

Sasa tairi. Maandishi ya 180/55 ZR17 73W yanasema kwamba upana ni milimita 180, kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, yaani milimita 99, rimu ni ya inchi 17, uzito wa juu (73) ni kilo 365 na mwendo wa juu (W) ni kilomita 270 kwa saa. Herufi R huonyesha tairi la radiali, ambalo halichanganywi na la aina nyingine bila idhini ya mtengenezaji. Tairi la 160/60 hukaa vizuri kwenye rimu ya inchi 4.5, la 180/55 kwenye rimu ya inchi 5.5, na la 190 kwenye rimu ya inchi 6. Wapo wanaolazimisha 180 kwenye rimu ya inchi 4.5 kwa ajili ya mwonekano. Rimu hulibana tairi kwenye kingo, mgongo wake unachongoka, na sehemu inayogusa lami inapungua, hivyo mwendeshaji analipia tairi kubwa na kupata mshiko mdogo.

Kosa la upande wa pili ni kubandika tairi la bodaboda la 3.00-17 kwenye rimu pana ya spoti kwa hoja kwamba zote ni za inchi 17. Kipenyo cha rimu kinafanana, upana haufanani, na tairi lililotanuliwa hivyo linaweza kuchomoka kwenye kona.

Piga hesabu ya kimo pia. Tairi la 160/60-17 lina kipenyo cha takriban milimita 624 na la 180/55-17 takriban 630, tofauti ndogo ambayo spidomita haitaijali. La 190/55-17 hufika takriban 641, na kwenye pikipiki yenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki, tofauti ya namna hiyo huvuruga uwiano kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Kabla ya kununua, soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 2321 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2021.

Ukishafunga gurudumu, ondoa shokapu kwa muda na uinue gurudumu kwa jeki hadi juu kabisa, ukihakikisha kwamba tairi haligusi madigadi, cheni wala nyaya. Acha angalau milimita 5 kati ya tairi na cheni, kwa kuwa tairi hutanuka likiwa na kasi. Pima kutoka katikati ya egemeo hadi katikati ya ekseli pande zote mbili; alama zilizochorwa kwenye mkono haziaminiki kila mara.

Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa la baridi. Kibandiko cha saizi na upepo mara nyingi hubandikwa kwenye mkono wenyewe, kwa hiyo mkono uliotoka kwenye pikipiki ya toleo jingine huja na maelekezo ya pikipiki hiyo. Kibandue na ufuate kitabu cha pikipiki yako. Kwa kilomita 150 za mwanzo endesha taratibu bila kulala sana kwenye kona wala kufunga breki kwa nguvu, mpaka utelezi wa tairi jipya utoke, kisha kagua tena ulegevu wa cheni, nati ya ekseli na bolti ya egemeo.