Kupiga Kambi Ziwani kwa Mtumbwi: Mwongozo kwa Mzazi na Mtoto

Mzazi anayetaka kumchukua mtoto wake kwenda kupiga kambi kwa mtumbwi hana budi kuanza na hesabu moja: ndani ya chombo kile mna mpiga kafi mmoja tu. Mtoto wa miaka 7 au 8 atapiga kafi kwa furaha kwa muda mfupi, kisha atashughulika na majani yanayoelea kando ya mtumbwi, na hana kosa. Kwa hiyo umbali, saa ya kuondoka, uzito wa mizigo na mahali pa kulala vyote vipimwe kwa nguvu za mtu mzima mmoja.

Kwa kipimo hicho, kilomita 3 au 4 zinatosha kabisa kwa siku ya kwanza. Njia ifuate ufuko, hata pale ambapo kukata moja kwa moja kuvuka ghuba kungefupisha safari kwa nusu. Kanuni ninayoipendelea ni kwamba mtumbwi usiwe mbali na nchi kavu kuliko umbali ambao mzazi anaweza kuogelea huku akimvuta mtoto, na wengi wetu tukijipima kwa haki tutakuta kwamba umbali huo ni mfupi kuliko tulivyodhani. Ziwa lenye mamba au viboko si la safari ya namna hii, wala hakuna tahadhari inayoweza kulifanya lifae.

Jambo linaloamua mengi ziwani ni upepo. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa iliyo juu yake hupaa, na ile ya ziwani huvuma kushika nafasi yake. Ndiyo maana maji yaliyotulia alfajiri yanaweza kuwa na mawimbi yenye vichwa vyeupe ifikapo saa nane mchana. Ondokeni mapema ili mfike kambini kabla ya saa tano asubuhi. Mkisikia ngurumo, tokeni majini mara moja, na msirudi hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Jaketi la kuokoa maisha lichaguliwe kwa kuangalia uzito ulioandikwa ndani yake, si kwa umri wa mtoto, na kamwe lisinunuliwe kubwa ili alikulie, kama tunavyofanya kwa sare za shule. Mvalishe, funga vifungo vyote, kisha shika sehemu ya mabegani na uivute juu: jaketi likipanda hadi masikioni au kidevu kikizama ndani yake, halifai. Kwa mtoto mdogo, mkanda unaopita katikati ya miguu ni wa lazima, kwa kuwa ndio unaozuia jaketi lisichomoke kichwani akiwa majini. Mzazi naye avae lake muda wote, kwani akipoteza fahamu au akishikwa na mkakamao wa misuli mtoto hatakuwa na wa kumwokoa. Kila mmoja awe na filimbi iliyofungwa kwenye jaketi. Mtoto asifungwe kwa kamba kwenye mtumbwi kwa sababu yoyote.

Kabla ya safari, nendeni mahali penye maji ya kufika kiunoni na mpindue mtumbwi kwa makusudi, mara kadhaa, hadi mtoto aone kuwa ni jambo la kawaida. Afundishwe mambo mawili tu: kuushika mtumbwi bila kuuachia, na kuitikia anapoitwa jina. Mtumbwi uliopinduka kwa kawaida huendelea kuelea, na huonekana kutoka mbali kuliko kichwa cha mtu. Kwa kuwa maji hunyang'anya mwili joto haraka sana kuliko hewa, na mwili mdogo hupoa upesi zaidi, vaeni kwa kuzingatia ubaridi wa maji hata kama jua ni kali.

Upakiaji ndio unaowasumbua wengi. Mzazi akikaa tezi, yaani nyuma ya mtumbwi, na mtoto mwepesi akakaa omo, yaani mbele, omo huinuka, upepo huinasa na kuugeuza mtumbwi unavyotaka. Ikiwa mtumbwi una ncha mbili zinazofanana, ugeuzeni ili nyuma iwe mbele: mzazi akae kwenye kiti kilichokuwa cha mbele akiitazama iliyokuwa tezi, kwa sababu kiti hicho kiko karibu zaidi na katikati. Mtoto mdogo akae sakafuni mbele ya mzazi, mahali ambapo mkono unamfikia, na mizigo mizito kama maji ya kunywa na hema iwekwe chini kabisa, mbele yake. Kisha, mkiwa mmeketi kwenye maji yaliyotulia, mimina kikombe cha maji sakafuni. Yakikimbilia nyuma, sogeza mzigo mbele. Yakibaki karibu na katikati, mtumbwi umesawazika. Mkikabiliwa na upepo wa mbisho, yaani unaovuma kutoka mbele, omo iwe nzito kidogo. Upepo ukitoka nyuma, tezi ndiyo iwe nzito. Ukingo wa mtumbwi ubaki angalau sentimita 15 juu ya maji, la sivyo punguzeni mizigo.

Kambini, vuteni mtumbwi mbali na maji, muufudikize na kuufunga kwenye mti, kwa maana upepo wa usiku ukiuchukua hamna njia ya kurudi. Hema lisiwe chini ya matawi makavu. Choo kiwe shimo la sentimita 15 hadi 20, umbali wa mita 60 au zaidi kutoka ziwani. Maji ya kunywa yachemke kwa dakika 1 kamili, au 3 katika nyanda zilizo juu ya mita 2,000, na jiko lisiwashwe ndani ya hema hata mvua inyeshe. Wekeni mpaka wa mawe au kamba ambao mtoto hauvuki kuelekea majini bila jaketi na bila mzazi.

Bebeni chakula cha siku 1 ya ziada, ili asubuhi ya kurudi, mkiamka na kukuta ziwa limechafuka, muweze kubaki bila wasiwasi. Mtu aliyebaki nyumbani aachiwe ramani ya njia yenu na saa ambayo ataanza kuomba msaada asipowasikia, na saa hiyo ihesabiwe pamoja na siku ya ziada.