Ulaya kwa motahomu na mbwa: kazi iko kwenye kurudi

Kumtoa mbwa Uingereza na kumfikisha Ufaransa kwa motahomu, yaani gari lenye vitanda na jiko ndani, si kazi kubwa kama watu wanavyodhani. Kumrudisha ndiko kunakotoa jasho. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kidonge kimoja cha minyoo, kwa sababu hicho ndicho kilichotuunguza, na kila kiangazi kinaunguza familia nyingine pale Calais, bandari ya Ufaransa ya kuvukia Uingereza.

Sheria yenyewe ni fupi. Mbwa anayeingia England, Scotland au Wales lazima awe amepewa dawa ya tegu (mnyoo bapa wa tumboni) si chini ya saa 24 na si zaidi ya saa 120 kabla ya kufika. Dawa iwe na praziquantel au kitu chenye nguvu hiyohiyo. Itolewe na daktari wa wanyama, na daktari huyohuyo aandike kwenye cheti cha afya cha mbwa jina la dawa, kampuni iliyoitengeneza, tarehe na saa, halafu agonge mhuri na kutia sahihi. Kimoja kikikosekana, mbwa havuki.

Hesabu saa, usihesabu siku. Tuseme feri yako inafika Dover, bandari ya Uingereza, Jumapili saa nne asubuhi. Ufaransa wako mbele kwa saa moja, kwa hiyo kwa saa ya ukutani kwa daktari, hapo ni saa tano. Rudi nyuma saa 120, unaangukia Jumanne saa tano asubuhi. Rudi nyuma saa 24, Jumamosi saa tano asubuhi. Kidonge kimezwe kati ya hapo. Aliyekwenda Jumatatu saa kumi na mbili jioni, akajipa moyo kwamba "si ni siku tano tu", ana saa 137 na dawa yake imeshakufa kisheria. Aliyekimbilia Jumamosi saa sita na nusu mchana ana saa 22 na nusu, naye atafika Dover mapema mno. Na ukimwachia mwenzio ujumbe "daktari saa tano", kubalianeni kwanza ni saa tano ipi. Watoto waliokulia huku Uingereza wakisoma saa tano wanaelewa tano ya kizungu, na miadi inapita mko ufukweni.

Lenga katikati. Kwa feri ya Jumapili, nenda Alhamisi asubuhi. Utakuwa na kama saa 72, na bado saa 48 za akiba dhoruba ikipiga au wafanyakazi wa bandari wakigoma, na Ufaransa hugoma. Usingoje Jumamosi: zahanati nyingi za wanyama hufunga mchana, na Jumapili anabaki wa dharura ambaye bei yake utaikumbuka. Angalia pia sikukuu zao, hasa tarehe 14 Julai na 15 Agosti. Ikiangukia Alhamisi, wengi huunganisha na Ijumaa, wenyewe wanaita kufanya daraja, na simu yako itapokelewa na mashine. Siwalaumu. Ni watu wanaojua kwamba kazi haiishi, somo ambalo sisi wa zamu mbili bado hatujalielewa. Lakini weka miadi wiki moja kabla.

Kidonge ulichonunua mwenyewe hakihesabiki. Shemeji anayesema "mimi ninavyo hapa kabatini, mpe tu, nani atajua" ana roho nzuri, ila anakupeleka karantini. Anayesoma cheti hajali mbwa amemeza nini; anatafuta mhuri wa daktari na saa. Matone ya viroboto ya shingoni nayo hayaingii hesabuni kama hayana dawa ya tegu.

Kabla hujatoka zahanati, simama hapohapo kaunta, fungua ukurasa wa tegu, weka kidole kwenye mstari na usome kisanduku kimoja kimoja. Kinachosahaulika zaidi ni saa. Madaktari wengine huandika tarehe, wanagonga mhuri na kufunga cheti kwa tabasamu. Mrudishie kwa upole. Piga picha ya ukurasa huo. Mbwa akitapika palepale, sema, apewe tena na saa iandikwe upya.

Kwa nini ukali wote huu? Kuna tegu wa mbweha, Echinococcus multilocularis, aliyeenea Ufaransa, Ujerumani, Uswisi na kwingineko bara, lakini Uingereza hayupo. Mbwa humpata kwa kula panya, naye haonyeshi dalili. Binadamu akimeza mayai yake, ini huliwa polepole kama kwa saratani. Anayejua habari za Turkana na uvimbe wa majimaji tumboni anajua tunaongea nini. Tegu wa Turkana ni wa ukoo huohuo. Praziquantel inaua waliomo kisha inatoka mwilini, haimkingi mbwa na panya wa kesho yake. Ndiyo sababu ya mwisho wa saa 120.

Kosa likigunduliwa Calais kwenye ofisi ya wanyama, unarudishwa mjini kwa daktari, mbwa anapewa dawa, unasubiri saa 24 kamili, na tiketi ni juu yako. Likigunduliwa ukiwa umeshavuka, ni karantini kwa gharama yako au mbwa kurudishwa alikotoka. Safari ikiwa fupi, chini ya siku tano kwenda na kurudi, daktari wako wa Uingereza anaweza kumpa kabla hujaondoka, mradi urudi ndani ya saa zilezile 24 hadi 120. Ukipitia Ireland kutoka bara, dawa inatakiwa kuingia Ireland. Kutoka Ireland moja kwa moja kuja Uingereza haitakiwi.

Sasa kwenda. Chipu ya utambulisho chini ya ngozi kwanza, chanjo ya kichaa cha mbwa baadaye, siku 21 za kungoja, halafu cheti cha afya cha mnyama kwa daktari aliyeidhinishwa. Pasipoti ya mbwa iliyotolewa Uingereza haimwingizi Ulaya tangu 1 Januari 2021. Chanjo ya nyongeza ikichelewa hata siku moja, unaanza upya. Linganisha namba 15 za chipu na zilizoandikwa.

Hapa kuna mtego mwingine ulio wetu hasa, sisi wa Afrika Mashariki. Cheti kikishatolewa una siku 10 za kuingia Ulaya, na ukishaingia kinadumu miezi kadhaa. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Schengen, na viza haijui siku 10 za mbwa wako. Usimlipe daktari kabla viza haijabandikwa kwenye pasipoti. Kama nyumba ina mwenye pasipoti ya Kiingereza, mbwa aandikwe kwa jina lake. Mwenye mbwa akinyimwa viza, safari ya mbwa nayo imevurugika, maana anayempeleka kwa niaba anahitaji idhini ya maandishi, na mwenyewe asafiri ndani ya siku tano. Ni nchi za ajabu hizi: mbwa anaulizwa minyoo tu, wewe unaulizwa akiba ya benki ya miezi kadhaa.

Cheti huandikwa kwa Kiingereza na kwa lugha ya nchi ya kwanza unayoingia. Ukibadili mawazo ukashukia Uholanzi badala ya Calais, cheti cha Kifaransa hakikufai. Nyama na maziwa haviruhusiwi kutoka Uingereza kuingia Ulaya, kwa hiyo sambusa za nyama zibaki nyumbani, na chakula cha mbwa chenye nyama kinunuliwe ng'ambo. Cha tiba maalumu kinaruhusiwa, kisizidi kilo 2.

Uzito msiuchukulie mchezo. Motahomu nyingi mwisho wake ni kilo 3,500, na waliofaulu leseni ya gari dogo Uingereza tangu 1 Januari 1997 wanaishia hapohapo. Lita 100 za maji ni kilo 100, mbwa mkubwa 35, gunia la chakula 15, gesi, baiskeli, na sufuria za mama. Mizani ya Mlolongo au Vigwaza hukamata malori. Huku hukamata familia ya likizo. Funga gesi kabla ya kupanda treni au feri.

Italia utembee na kifunga mdomo, na kamba isizidi mita 1.5. Ufaransa Rottweiler lazima afungwe mdomo. Denmark imepiga marufuku aina 13 za mbwa, Boerboel akiwemo. Kusini mwa Ulaya, usubi wa jioni hueneza ugonjwa wa ukoo mmoja na kala-azar ya Baringo: mkanda wa deltamethrin shingoni, na mbwa alale ndani. Kuanzia Januari hadi Aprili angalia viwavi wanaoshuka misonobari kwa mstari. Mbwa akiwalamba, ulimi huoza. Nje kukiwa nyuzi 22, ndani ya gari lililofungwa huweza kufika 47 kwa saa moja.

Na nyumbani wanaosema "njooni naye Krismasi, watoto wamwone": Kenya na Tanzania haziko kwenye orodha ya nchi zinazorahisishiwa. Kurudi, mbwa anatakiwa kipimo cha damu cha kinga ya kichaa, kichukuliwe siku 30 au zaidi baada ya chanjo, na damu ikichukuliwa Nairobi mnangoja miezi 3 tangu siku hiyo. Likizo yenu ni wiki tatu, na mjomba atakuwa anamlisha ugali mbwa aliyezoea biskuti.