Jinsi ya kupanda Shinkansen kutoka Tokyo hadi Osaka bila kuhaha

Mama alipokuja kunitembelea Japani, nilimpeleka Osaka kwa Shinkansen, treni ya mwendokasi ya huku. Njia ile nilikuwa nimeshaizoea, lakini siku hiyo, nikiwa nimemshika mzazi wangu mkono, ndipo nilipoona kwamba kazi yote ya safari hii ni ile ya kabla mlango wa behewa haujafunguka.

Kwanza chagua treni kwa jina lake, usitazame saa ya kuondoka peke yake. Reli hii ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, na kwenye kilomita zake 515 zinapita treni za aina tatu. Nozomi, yaani tumaini, husimama vituo vichache na hufika kwa saa mbili na nusu hivi. Hikari, yaani mwanga, husimama zaidi kidogo. Kodama, yaani mwangwi, haikiachi kituo hata kimoja, na safari hukaribia saa nne. Mimi mara ya kwanza niliidandia Kodama kwa sababu ndiyo iliyokuwa inatangulia kuondoka. Nilikaa ndani nikizihesabu Nozomi zikitupita, na miadi niliyoiendea ikanipita pia.

Unapokata tiketi, omba kiti E. Hicho kiko dirishani, upande wa Mlima Fuji, iwe unakwenda au unarudi. Pima na begi lako: urefu, upana na kimo vikijumlishwa vikazidi sentimita 160, lazima ukate kiti chenye nafasi ya mizigo mikubwa nyuma yake. Hulipi nyongeza ukiomba mapema, lakini ukiingia nalo kimyakimya utatozwa yeni 1,000.

Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mzunguko wa saa 24. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tunahitaji utulivu hapo: 9:00 ni saa tatu asubuhi, 15:30 ni saa tisa na nusu alasiri. Nilimwandikia Mama saa yetu kwenye karatasi, akatulia.

Mara nyingi utapewa tiketi mbili, moja ya nauli na moja ya mwendokasi. Kwenye geti zitumbukize zote mbili kwa pamoja. Mashine huzivuta na kuzitoa upande wa pili kufumba na kufumbua. Mama alipita mikono mitupu akidhani zimeshakusanywa, nikamwita arudi hatua mbili azichukue. Zishike, utazihitaji mwisho wa safari.

Jukwaani, tafuta namba ya behewa lako iliyochorwa sakafuni, upange foleni hapohapo. Treni ina mabehewa 16 na urefu wa mita 400 hivi, kwa hiyo ukisimama pasipo pako utatembea sana, na kwenye vituo vya njiani treni husimama dakika moja au mbili tu. Ndani, simu hupokelewa kwenye kijia cha kati ya mabehewa. Heshimu hilo, maana watu wamelala.

Kiasi cha dakika 40 au 45 baada ya kuondoka Tokyo, weka simu chini utazame kulia. Mawingu yakiwa yamekuhurumia, Fuji hujitokeza mzima, na asubuhi za baridi kali ndizo huwa safi zaidi. Mama alibandika kiganja kwenye kioo, hakusema neno mpaka mlima ulipopotea. Kwa dakika zile peke yake ningemkatia tiketi tena na tena.

Treni itakushusha Shin-Osaka, ambayo si stesheni ya Osaka yenyewe. Kama unakwenda Osaka, pita geti la kubadilisha treni. Pale mashine itameza tiketi ya mwendokasi na kukurudishia ile ya nauli. Ichukue, ndiyo itakayokuvusha kituo kimoja kilichobaki.